Vichuma viwili juu ya bunduki ya marehemu baba

Swali: "Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Kondoa. Ujanani alikuwa askari wa wanyamapori chini ya wale mabwana nyama wa zamani, baadaye akaendesha magari ya wawindaji. Ameacha bunduki moja kuukuu, na tangu msiba ipo kwenye ghala la silaha la kituo cha polisi wakati tunashughulikia mirathi. Nimeruhusiwa kuipiga picha, nakutumia. Juu yake kuna vichuma viwili: cha mbele kina matundu mawili ya mstatili, cha nyuma kina kitufe ubavuni. Darubini haipo kwenye bunduki. Ipo nyumbani ndani ya mkebe wa ngozi, na chini yake ina miguu yenye kucha. Fundi mmoja wa mjini anasema vichuma hivyo vimepitwa na wakati, ving'olewe, atoboe matundu na kufunga reli mpya. Kaka yangu anataka kuiuza darubini peke yake. Vichuma hivi ni nini hasa, na tufanye nini?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Picha zako nilizitazama jana usiku kwenye simu, macho yakagoma, asubuhi nikamwomba mjukuu anifungulie kwenye kompyuta. Nianze na jibu lenyewe: mwambie fundi wa mjini aweke drili yake kando, na mwambie kaka yako asiuze hata skrubu. Hivyo vichuma ni nusu ya kifaa ambacho nusu yake ya pili imelala ndani ya ule mkebe wa ngozi. Nusu hizo mbili zilipatanishwa na fundi mmoja, kwa tupa, zikae pamoja na zisikae na kitu kingine chochote.

Wajerumani wanakiita Einhakmontage. Karakana niliyofunzwa kazi tulisema tu "kikalio cha kucha", na hapa nitaendelea hivyo hivyo. Asili yake ni Suhl, mji wa mafundi bunduki huko Thuringia, mwishoni mwa karne ya 19, darubini zilipoanza kupandishwa juu ya bunduki za kuwindia. Wawindaji wa wakati ule hawakuziamini darubini, na walikuwa na haki. Lenzi ilishika ukungu, nyuzi za msalaba zilikatika, mvua ikinyesha huoni kitu. Walitaka darubini ya kutoka mara moja bunduki ibaki na vilengeo vyake vya chuma, na jua likikaribia kuchwa irudishwe pale pale bila shabaha kuhama. Kutoa kitu ni rahisi. Kukirudisha kikakaa kwenye unywele ule ule ndiyo kazi, na kazi hiyo ndiyo inayokaa juu ya bunduki ya baba yako.

Tazama tena picha yako ya tatu. Matundu mawili ya mstatili kwenye kikalio cha mbele ni nyumba za kucha. Mguu wa mbele wa darubini una kucha mbili zilizopinda. Unaishika darubini sehemu ya nyuma ikiwa imeinuka, unaziingiza kucha za mbele kwa mshazari, kisha unaishusha nyuma taratibu mpaka mguu wa nyuma uzame kwenye kikalio chake. Utasikia "ta!", moja tu, kavu. Hiyo ni springi iliyo ndani ya kikalio cha nyuma imeshika. Kuitoa unabonyeza kile kitufe, unainua nyuma, unaizungusha kuelekea mbele, imetoka. Bisibisi haihusiki wala spana. Ikigoma kutoka, kuna kutu au kuna mtu aliyewahi kuilazimisha, na dawa yake ni tone la mafuta mepesi na subira ya usiku mzima, si nyundo.

Kwenye picha hiyo hiyo, angalia katikati ya kikalio cha nyuma. Kuna uwazi kama mlango wa panya. Usidhani ni kasoro. Kwa uwazi ule jicho linapita chini ya darubini mpaka kwenye vilengeo vya chuma vya mtutu. Ndiyo maana pia darubini za aina hii hukaa juu sana, jambo ambalo vijana huliona ni ushamba. Ipo na sababu ya pili. Bunduki ya baba yako ni Mauser 98, na Mauser ya asili ina kile kibawa cha usalama nyuma ya komeo (kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele kupakia risasi), kibawa kinachosimama wima kisha kulala kulia au kushoto. Ukiweka darubini chini, kibawa kinagonga darubini na hakigeuki. Yule fundi akifunga reli yake mpya na pete fupi za kubana darubini, atalazimika kubadilisha na usalama pia, na pengine akate mkono wa komeo aupinde upya. Hapo atakuwa amegusa vitu vitatu wakati ninyi mliuliza kimoja.

Sasa tuisome bunduki yenyewe, maana vikalio peke yake havitoshi kusema hadithi yote.

Ubavuni imeandikwa Waffenfabrik Mauser A.-G. Oberndorf a/N. Hii ni tarehe iliyojificha. Kiwanda cha Oberndorf kilitumia jina hilo mpaka 1922, kisha kikajiita Mauser-Werke. Kwa hiyo chuma hicho kilitengenezwa kabla ya hapo. Kwenye mtutu kuna 9,3x62. Risasi hiyo ilibuniwa na Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, mwaka 1905, kwa ajili ya wakulima na wawindaji waliokuwa wakija makoloni ya Afrika. Iliingia ndani ya Mauser ya kawaida bila kurefusha magazini, kwa hiyo bunduki yake ilikuwa nafuu kuliko zile kubwa za Kiingereza, na kichwa chake cha kama gramu 18.5 kilimtosha nyati. Chini ya hapo kuna vitaji vidogo vyenye herufi B, U na G. Ni mihuri ya majaribio ya serikali ya Ujerumani, na G inasema mtutu una mifuo ndani, ile mikato inayoizungusha risasi. Mihuri ya taji ilitumika kwa sheria ya 1891. Kuanzia 1940 ikaja ya tai na herufi N. Tai hayupo kwenu, na hilo linakubaliana na lile jina la Oberndorf.

Lakini kuna neno moja limenifurahisha zaidi: Germany, kwa Kiingereza, limegongwa ubavuni mwa mtutu. Mjerumani hamwandikii Mjerumani mwenzake hivyo. Mwaka 1887 Waingereza walipitisha sheria ya kutaka bidhaa za nje zinazoingia kwao zionyeshe zilikotoka, na viwanda vya Ujerumani vikawa vinagonga neno hilo kwa bidhaa za soko la Waingereza. Kwa hiyo sidhani bunduki hii ilishuka Dar es Salaam na mkulima wa enzi za Mjerumani. Inaelekea ilipitia mikono ya biashara ya Kiingereza, ikaja huku kwa njia ya Nairobi au London. Isingekuwa ya ajabu pia kama aliyeinunua alikuwa Mjerumani, kwani kuanzia 1925 waliruhusiwa kurudi Tanganyika. Hiyo ni dhana yangu ya kizee. Neno lililogongwa ni la uhakika, safari yake ndiyo ninayoikisia.

Kwa wasomaji wengine: bunduki ya Ujerumani ikiwa imepitia Uingereza yenyewe, mara nyingi utakuta maneno NOT ENGLISH MAKE yamegongwa karibu na mihuri ya London au Birmingham. Hayo yalianza 1925 na kuachwa katika miaka ya 1950.

Darubini sasa. Umeandika kwamba imechongwa Carl Zeiss Jena na neno Zielvier. Hao mabwana hawakuwa na mapambo katika kutoa majina. Ziel ni shabaha, vier ni nne: inakuza mara nne. Kulikuwa na Zielsechs ya mara sita, na Zielklein, ile ndogo. Mwili wake ni chuma kitupu, si aluminiamu, ndiyo maana imekuwa nzito mkononi mwako. Juu kuna kitasa kimoja chenye namba 1, 2, 3 na kuendelea. Kila namba ni mita mia. Ukigeuza kitasa, msalaba unapanda au kushuka. Umeniuliza pembeni kwa nini hakuna kitasa cha pili ubavuni cha kuvuta kushoto na kulia, ukadhani kimepotea. Hakijapotea, hakikuwahi kuwapo. Darubini nyingi za Kijerumani za wakati ule zilirekebishwa juu na chini tu. Kushoto na kulia kulifanywa kwenye kikalio cha nyuma: zile skrubu mbili ndogo zinazotazamana, moja kila upande, ambazo fundi wa mjini amekwambia "zimelegea zinahitaji kukazwa".

Naomba mtu asizikaze! Skrubu hizo zinasukumana. Ukitaka kusogeza, unalegeza moja kwanza ndipo unakaza ya upande wa pili. Ukikaza zote mbili kwa nguvu unapinda kitelezi cha katikati. Kanuni yake ni ile ya kilengeo cha nyuma: unasogeza nyuma ya darubini kuelekea kule unakotaka risasi iende. Alama ndogo ya mstari uliyoiona juu ya kikalio, nusu kwenye kipande kimoja na nusu kwenye kingine, ni kumbukumbu ya mahali bunduki ilipopigiwa shabaha mara ya mwisho. Mistari hiyo kwenu inatazamana sawasawa. Mzee wenu aliitunza.

Pia usishtuke ukichungulia ukaona msalaba haupo katikati ya duara. Umesema ni ile nguzo nene yenye ncha inayopanda kutoka chini, na nyingine mbili pembeni. Katika darubini za zamani nguzo hizo zilihama machoni pako kila uliporekebisha, na fundi hodari alikuwa yule aliyechonga vikalio vizuri hivi kwamba zilibaki karibu na katikati. Zenu ziko chini kidogo ya katikati. Si vibaya kabisa.

Turudi kwenye lile la kuuza darubini peke yake, maana hapo ndipo nilipojichoma vidole mwenyewe nikiwa kijana.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi, karakana moja Arusha. Mteja alileta bunduki mbili za Mauser, kila moja na darubini yake, za kampuni moja, ukubwa mmoja, vikalio vya kucha vyote. Nilizisafisha, nikajisifu kwa kung'arisha, kisha nikazirudisha bila kutazama namba. Ya kwanza iliingia kwa shida. Ya pili iligoma, kucha moja ikabaki nje kama nusu milimita. Nikafanya wanachofanya vijana wote: nikachukua tupa. Mzee aliyenifunza alinishika kifundo cha mkono kabla sijapitisha hata mara moja. Hakunigombeza. Aliwasha mshumaa, akazipitisha kucha juu ya moshi mpaka zikawa nyeusi tii, akapachika darubini kwenye bunduki isiyo yake, akaitoa. Masizi yalikuwa yamefutika mahali pamoja tu, pembeni, doa dogo kama punje ya mtama. Akafanya vile vile kwa bunduki iliyo yake. Masizi yalifutika uso mzima wa kucha zote mbili. "Chuma kinajuana na mwenzake," akasema, akaniachia nifute masizi.

Fundi wa Suhl alifanya hivyo hivyo: anatia masizi, anapachika, anatoa, anapitisha tupa kidogo, anarudia. Kazi hiyo ilichukua siku. Ndiyo maana waligonga namba ya bunduki, au tarakimu zake za mwisho, chini ya mguu wa darubini. Kwenye picha ulizopiga nyumbani, chini ya mguu wa mbele naona 417. Kwenye picha za kituoni kidole cha askari kimefunika mwanzo wa namba ya bunduki, naona tu inaishia na 17. Nusu ya ndoa nimeiona. Darubini hiyo ikiuzwa peke yake, mnunuzi atapata bomba la lenzi lenye miguu isiyoingia popote, ninyi mtabaki na bunduki yenye matundu. Zikiwa pamoja, zenye namba moja, mtu anayejua atalipa kwa heshima. Bei siitaji, kwani inategemea hali ya ndani ya mtutu ambayo picha haioneshi.

Wasomaji wengine mmekuwa mkinitumia picha za vikalio tofauti kila mwezi, basi nigusie hapa kwa jinsi ya kuvitambua, bila kurefusha. Jambo la kutazama kwanza si jina. Tazama darubini inatokaje.

Ikiwa bamba limefungwa ubavu wa kushoto wa bunduki na darubini inatoka kwa kugeuza vishikio viwili vidogo, huenda unatazama kazi ya Griffin & Howe wa New York, nyumba iliyoanzishwa 1923. Waliopenda mtindo huo ni Wamarekani waliokuja safari na Mauser na Winchester zao. Nikikiona kikalio hicho kwenye bunduki ya urithi huwa nauliza kama mzee aliwahi kufanya kazi na mteja wa Kimarekani, na mara kadhaa jibu limekuwa ndiyo. Ubavu wa kushoto pia ndiko utakakotazama kwenye Mannlicher-Schönauer ya Austria, ile ya 1903 na ndugu zake, kwa sababu mgongo wake wa nyuma umepasuliwa katikati mkono wa komeo upite. Huwezi kuweka kikalio cha kawaida juu ya ufa. Waliotaka darubini juu yake walikwenda ubavuni, au kwenye kucha.

Darubini ikilala pembeni kwa bawaba kama dirisha, bila kutoka kabisa, hiyo ni Pachmayr Lo-Swing ya Los Angeles.

Ya Redfield, iliyokuwa kampuni ya Denver, ina pete ya mbele inayozama kwa kuzungushwa robo duara, na pete ya nyuma imebanwa na skrubu mbili kubwa kulia na kushoto. Wengi wameiga mtindo huo, Leupold na Buehler wakiwemo, kwa hiyo muundo peke yake haukupi jina. Tafuta maandishi chini ya kikalio. Na tafadhali, pete ya mbele msiizungushe kwa kutumia darubini kama mpini. Tafuta kipande cha mti cha mviringo chenye unene wa milimita 25.4, ndicho kizungushie. Nimeona darubini nzima zilizopinda kwa uvivu huo.

Weaver ndiyo inayojulikana zaidi: kijibamba chembamba cha aluminiamu chenye mfereji unaokatiza juu yake. Bill Weaver alianza kutengeneza darubini 1930, akahamia El Paso, Texas, na vikalio vyake vikawa kama ugali, kila nyumba vipo. Mfereji wake una upana wa kama milimita 4.6. Reli za kijeshi za siku hizi zina 5.2. Ndiyo maana pete mpya hugoma kwenye kikalio cha zamani, wala si kwa sababu umeuziwa bandia.

Bunduki za Brno ZKK za Czechoslovakia hazina kikalio cha kufungwa kabisa. Mgongo wenyewe umechongwa kingo zilizolala ndani, kama njia ya droo, upana wa milimita 19, na pete zinabana hapo. Ukikuta ZKK imetobolewa matundu ya skrubu, mtu hakujua alichokuwa nacho.

Na Winchester Model 70, hasa ya .375, ambayo huku ni nyingi: pima umbali kati ya matundu mawili ya mgongo wa nyuma. Nyingi za kawaida zina milimita 21.8. Zile za kabla ya 1964 za risasi ndefu za .300 na .375 zina kama 8.4, matundu yamekaribiana. Watu wameagiza vikalio mara tatu kutoka nje kwa kutopima jambo hilo moja.

Kuhusu herufi: D.R.P. na D.R.G.M. mtakazozikuta kwenye vikalio na darubini za Kijerumani si jina la kampuni, ingawa nimeshasikia mtu akiuza "darubini ya DRGM". Ni alama za hati ya uvumbuzi na ya usajili wa muundo za dola ya Ujerumani iliyokwisha 1945. Zinakupa umri kwa ujumla, si zaidi.

Sasa wewe na bunduki yako, mwanangu. Kwa nini nakataa drili? Chuma cha Mauser ya zamani ni kigumu juu na laini ndani, kama mkate wa kuoka. Drili ya mkono inateleza juu ya ngozi hiyo ngumu, tundu linakwenda pembeni, na ile sehemu ya mbele ya bunduki, panaposhikana komeo na mtutu, ndiyo inayobeba mshindo wa risasi. Nimeona matundu manne yaliyotobolewa kwa macho, darubini ikawa inatazama Dodoma na mtutu unatazama Singida. Kung'oa vikalio nako ni balaa lake. Kwa kawaida vimeshikwa kwa skrubu na kwa lehemu ya bati pia, kwa hiyo atavitia moto, na moto ukizidi unaharibu ugumu wa chuma na ile rangi nyeusi ya samawati ambayo hairudi kwa mafuta.

Mkitaka darubini ya kisasa siku moja, ipo njia ya kistaarabu: vikalio vibaki, fundi wa kazi hiyo atengeneze miguu mipya inayoingia kwenye matundu ya zamani. Ujerumani na Austria bado wapo wanaofanya hivyo, na wanalipisha sawa na siku walizokaa na tupa. Na msijaribu kuihamishia darubini yenu kwenye pete za dukani. Bomba lake lina unene wa kama milimita 26, pete za Kimarekani ni 25.4. Zikilazimishwa zitaliminya kama kopo.

Ile Zielvier itoe kwenye mkebe wa ngozi leo. Ngozi kuukuu hunyonya unyevu wa masika na kuupa chuma kutu, lenzi ukungu wa kuota. Mkebe utunze, ni wake, lakini uuweke kando. Darubini ifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba, iwekwe juu ya kabati penye hewa. Lenzi usizifute kwa khanga. Pulizia vumbi, tumia brashi laini ya kuchorea, basi. Na kaka yako asiifungue kwa ndani kwa ajili ya udadisi, kwani akiifungua yeye, mimi siwezi kuifunga.

Bunduki yenyewe iacheni pale ilipo mpaka mirathi na kibali vikamilike. Leseni ya baba ilikuwa ya baba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kurithi mali hakukupi kibali cha kushika silaha, na kutunzwa kituoni kunawalinda ninyi. Siku ya kujaribu kama darubini inakaa, omba mtunza ghala mwenyewe afungue komeo na kuthibitisha chemba na magazini ni tupu, kisha yeye au fundi mwenye leseni ndiye apachike. Hata ikikaa vizuri, isipigwe risasi kabla fundi hajapima pengo kati ya komeo na kitako cha risasi. Na atakayeipiga aweke jicho mbali, 9.3 inarudi nyuma kwa nguvu, na ukingo wa chuma wa Zielvier hauna mpira. Muulize mama kama baba hakuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Wengi wa umri wake wanalo.

Nimebakiwa na ombi moja. Ukienda kituoni tena, piga picha ya namba ya bunduki nzima, na nyumbani piga ya namba iliyo chini ya mguu wa nyuma wa darubini, nitumie mimi tu, usiziweke mahali pa wazi. Usitumie taa ya simu moja kwa moja. Mwombe askari ashike tochi pembeni, mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Tarakimu zilizofifia huonekana hapo. Kama tarakimu inayotangulia ile 17 ya bunduki ni 4, nitafurahi kuliko wewe.